Ruzuku ya umma kwa miradi ya hewa safi mjini: tuombe fedha za kufanya nini?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi katika mtaa uliobanwa kati ya kituo kikuu cha mabasi na barabara inayopitiwa na malori mchana na usiku. Halmashauri yetu imetenga fungu la fedha za umma kwa miradi midogo ya kuboresha hewa ya mji, na vikundi vya wakazi, shule na zahanati vinaruhusiwa kuomba. Tumekaa vikao vitatu bila kuafikiana. Wapo wanaotaka tupande miti pande zote mbili za barabara. Wapo wanaotaka tununue mashine kubwa ya kuchuja hewa na kuisimika kituoni, mahali ambapo kila abiria ataiona. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, tunaona tuanze na vihisi vya kupimia hewa, kwa kuwa hadi leo tunasema hewa yetu ni chafu kwa kuitazama na kuinusa tu.

Fomu ya maombi inatutaka tueleze matokeo yanayopimika, na hapo ndipo tulipokwama. Hewa ikionekana kuwa na nafuu mwakani, tutajuaje kwamba nafuu hiyo imetokana na mradi wetu na si mvua zilizonyesha au upepo uliobadili mwelekeo? Isitoshe, masharti yanasema fedha zitalipwa baada ya kazi kukamilika na risiti kuwasilishwa, ilhali kikundi chetu hakina akiba ya kutangulizia gharama.

Linalonisukuma kuliko mengine yote ni watoto wa shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo. Hupita pale mara mbili kila siku, katika saa zilezile ambazo mabasi huwa mengi na injini zikinguruma. Ningependa fedha hizi ziwafikie wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa yeyote aliyewahi kuandika, kutathmini au kusimamia mradi wa namna hii, naomba mwongozo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu katibu, nimeketi miaka kadhaa katika kamati ya kupitia maandiko ya miradi ya mazingira, na naomba nianze na lile lililoangusha maandiko mengi mbele yetu: waombaji huanza na kifaa wanachokitaka, kisha wanatafuta tatizo la kukipachikia. Andiko lenye nguvu huanza na chanzo cha uchafu. Nani anautoa, saa ngapi, kwa sababu gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kumzuia au kumsaidia abadilike? Mkiweza kujibu hayo kwa aya mbili, nusu ya kazi imekwisha.

Kuhusu mashine ya kuchuja hewa, niwaombe mfanye hesabu ndogo kabla ya kikao kijacho. Chukueni kituo cha mita 100 kwa 100, na hesabuni hewa hadi kimo cha mita 10 tu. Hiyo ni mita za ujazo 100,000. Mashine inayovuta mita za ujazo 5,000 kwa saa, ambayo si ndogo hata kidogo, itahitaji saa 20 kuipitisha hewa hiyo mara moja. Upepo mwepesi wa mita moja kwa sekunde, ambao mtu anausikia kwa shida usoni, huiondoa hewa yote hiyo na kuleta nyingine kwa muda usiofika dakika mbili. Mnakuwa mnachuja hewa ambayo imeshaondoka. Delhi walijaribu jambo hili kwa kiwango kikubwa: mnara wenye urefu wa zaidi ya mita 20 na feni 40 ulizinduliwa Connaught Place mwezi Agosti 2021, nao wataalamu waliufuatilia. Manufaa yaliyoonekana karibu na feni yalipungua kwa kasi kadiri walivyosogea mbali nao, na mamlaka ya udhibiti wa uchafuzi ya mji huo huo ilikuja kueleza kwamba si njia inayofaa. Mashine ya kuchuja ina nafasi yake ndani ya chumba kilichofungwa, kwa mfano darasa au wodi, kwa sababu hapo hewa ina kuta za kuizuia. Nje ya nyumba, fedha za umma zisiende huko.

Miti naipenda na sitaki nieleweke vibaya. Huleta kivuli, hupunguza joto, na mtaa usio na mti ni mtaa unaochosha. Lakini majani hunasa sehemu ndogo tu ya chembechembe, na katika barabara nyembamba yenye majengo marefu pande zote, matawi yakifungamana juu yanaweza kuuzuia moshi usipande na kuondoka, hivyo anayepita chini akavuta zaidi. Ua mnene wa vichaka ulio kati ya magari na njia ya waenda kwa miguu unaweza kusaidia zaidi kuliko mistari miwili ya miti mirefu. Kama mnataka miti, iombeni kwa fungu la miti na mseme ukweli kuhusu faida zake.

Kinachobaki ni injini za mabasi. Basi lililosimama dakika 20 likisubiri abiria huku injini ikinguruma linatoa moshi bila kumpeleka mtu popote. Hapo kuna chanzo, kuna saa, kuna mwenye mamlaka, ambaye ni msimamizi wa kituo, na kuna watu wanaoumia ambao umewataja mwenyewe. Ombeni fedha za kupanga upya maegesho ili mabasi yanayosubiri yakae upande wa mbali na shule, za kuweka alama, za kuwalipa wasimamizi wa zamu, na za kuwaelimisha madereva, ambao, tukumbuke, ndio wanaovuta moshi huo kwa saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote pale.

Mchangiaji wa pili

Nimestaafu kazi ya afisa afya wa mazingira, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa upimaji, basi nitajibu lile la mvua na upepo.

Kwanza mjue mnapima nini. Chembechembe zinazotajwa sana, PM2.5, zina kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara 30 hivi kuliko chembe moja. Udogo huo ndio unaozifikisha ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia hata kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachoshauri kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Kwa gesi ya nitrojeni dayoksaidi, ambayo mijini hutoka zaidi kwenye injini na hasa za dizeli, lilishuka kutoka 40 hadi 10. Nawatajia gesi hii kwa makusudi. Chembechembe laini husafiri mbali, na sehemu kubwa ya zile mnazozivuta zinaweza kuwa zimetoka nje ya mji wenu kabisa, ila nitrojeni dayoksaidi hushuka kwa kasi unapoondoka barabarani. Mkipunguza moshi wa mabasi kisha mkapima PM2.5 peke yake, mnaweza kufanya kazi njema na namba isitikisike.

Pili ni vihisi vyenyewe. Vile vya bei nafuu hutumia mwanga: chembe hupita mbele ya miale, mwanga hutawanyika, na kifaa hukadiria uzito kutokana na mtawanyiko huo. Unyevu ukiwa mwingi hewani, chembe hufyonza maji na kuvimba, nacho kifaa husoma uchafu mwingi kuliko uliopo. Nimewahi kuona kikundi kikitangaza asubuhi moja kuwa mtaa wao ulikuwa na hewa ya hatari, kumbe ulikuwa ukungu. Halikuwa kosa lao, kwa sababu aliyewauzia vifaa hakuwaeleza. Kinga yake ni kuviweka vihisi vyote karibu na kituo rasmi cha kupimia kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kuvisambaza, kuvilinganisha, kupata kanuni ya kusahihishia, na kurudia zoezi hilo msimu unapobadilika. Andikeni katika bajeti gharama ya kazi hiyo na ya kubadilisha vihisi, maana usahihi wake hupungua kadiri muda unavyopita. Kwa nitrojeni dayoksaidi kuna mirija midogo isiyotumia umeme, ambayo hutundikwa kwenye nguzo kwa wiki mbili hadi nne kisha hupelekwa maabara. Haiwaonyeshi saa kwa saa, lakini gharama yake ni ndogo na huwaonyesha wazi tofauti ya upande mmoja wa barabara na mwingine.

Sasa swali lako lenyewe. Pimeni sehemu mbili, si moja. Chagueni mtaa mwingine unaofanana na wenu, wenye barabara ya aina hiyohiyo, ambao mradi hautaugusa. Mvua itanyesha kote kuwili na upepo utavuma kote kuwili. Kama kwenu kumepungua na kule hakukupungua, hiyo tofauti ndiyo mnayoweza kuiita yenu. Na mwanze kupima kabla ya mradi, ikiwezekana mwaka mzima ili misimu yote ipite. Najua wafadhili wengi hawana subira hiyo. Wakiwabana, pimeni angalau miezi ile ile ya kalenda kabla na baada, msije mkalinganisha kiangazi na masika.

Mchangiaji wa tatu

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naomba kutofautiana nao katika jambo moja kubwa. Tunakitwisha kikundi cha wakazi mzigo wa taasisi ya utafiti. Mradi wa mtaa mmoja, hata ukiwa mzuri namna gani, mara nyingi hauwezi kuonekana katika namba ya hewa ya jumla, na tukiufanya upungufu wa namba hiyo kuwa sharti la malipo, tutawalazimisha watu wema kuchagua miradi inayopendeza vipimo na kuacha ile inayowasaidia majirani zao.

Hili limeonekana kwa serikali nzima, sembuse kikundi. India ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa hewa safi mwezi Januari 2019, fedha za miji zilifungamanishwa na matokeo, na kipimo kilichozingatiwa zaidi kikawa PM10, yaani chembe kubwa zaidi, ambazo vumbi la barabarani huchangia sana. Ikawa sehemu kubwa ya fedha imekwenda kwenye kufagia na kumwagia barabara maji, huku magari, viwanda na uchomaji wa kuni na takataka vikipata kidogo. Sidhani kwamba maofisa wale walikuwa wavivu. Walifuata kipimo walichopewa. Kwa hiyo, ndugu katibu, mnapoandika matokeo yanayopimika, semeni mtapima jambo ambalo mradi wenu unaligusa moja kwa moja: ni mabasi mangapi yanasimama huku injini ikinguruma, kwa dakika ngapi, katika saa ambayo watoto wanapita. Hilo mnaweza kulihesabu kwa daftari na saa ya mkononi, kabla na baada, na hakuna mvua itakayoliharibu.

Jambo la pili ni nani anayebeba gharama ya mabadiliko. Baada ya moshi mzito wa London wa Desemba 1952, ulioua maelfu ya watu kwa siku chache, Uingereza ilitunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Watu hukumbuka marufuku yake na kusahau fedha zake: mwenye nyumba aliyetakiwa kubadilisha meko ili isitoe moshi katika eneo lililotangazwa alirudishiwa saba ya kumi ya gharama halali. Marufuku na ruzuku vilikwenda pamoja. Kraków nako, mji wa Poland uliokuwa ukisongwa na moshi wa makaa ya mawe kila majira ya baridi, kuchoma makaa na kuni ndani ya mji kulipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Septemba 2019, lakini tangazo lilitolewa miaka kadhaa mapema, na mji ukawalipia wakazi ubadilishaji wa majiko ya kupashia nyumba joto kwa ruzuku iliyokuwa kubwa mwanzoni na kupungua kadiri tarehe ilivyokaribia, ili anayechelewa apate kidogo. Zaidi ya hapo waliweka msaada wa kufidia bili za joto kwa kaya maskini, kwa sababu kuna tofauti kati ya kumnunulia mtu jiko jipya na kumwezesha kulitumia kila siku. Nadhani hilo la pili ndilo lililowafikia wale ambao programu nyingi huwaacha nje. (Na bado moshi wa vijiji vinavyouzunguka mji huo huingia, kwa kuwa mipaka ya utawala haiuzuii. Mwenzetu wa pili amelieleza vizuri hilo.)

Rudini sasa kituoni kwenu. Dereva anayeacha injini ikinguruma huenda anafanya hivyo kwa sababu starta yake imechoka na anaogopa gari halitawaka tena. Mkimtoza faini mtakuwa mmemwadhibu kwa umaskini wa gari ambalo si lake. Tengeni sehemu ya fedha kwa ukaguzi na matengenezo, betri na starta, kwa mabasi yatakayokubali kusaini makubaliano ya kuzima injini. Ni jambo dogo lisilopendeza kwenye picha za uzinduzi, na najua kamati nyingi hulikata kwanza. Lipiganieni.

Mwanzisha mada

Nimesoma majibu haya mara mbili na kuyapeleka kwa wenzangu. Aliyekuwa mtetezi mkubwa wa mashine alifanya ile hesabu ya mita za ujazo mwenyewe, akanyamaza kidogo, kisha akasema tuendelee na mabasi. Nakiri pia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewauliza madereva kwa nini hawazimi injini. Tumewatazama miaka yote hii kama wachafuzi tu.

Yamebaki mawili. La kwanza ni malipo baada ya kazi. La pili, mchangiaji wa pili anashauri kupima na wa tatu anashauri kuhesabu. Bajeti haitoshi kufanya yote kwa ukamilifu, tukate wapi?

Mchangiaji wa kwanza

Kwa la malipo, sharti hilo limewafukuza waombaji wengi walio karibu zaidi na moshi, na tulilalamika hata ndani ya kamati. Mara nyingi wenye akiba ya kutangulizia gharama ni taasisi kubwa zilizo mbali na barabara. Msilikubali kimyakimya. Andikeni barua kabla ya siku ya mwisho mkiomba malipo kwa awamu: sehemu ya kwanza mkataba unaposainiwa, ya pili hatua fulani ikikamilika na kukaguliwa, na ya mwisho baada ya taarifa. Wakikataa, tafuteni taasisi inayoaminika, kama shule yenyewe au zahanati, iwe mpokeaji wa fedha kwa niaba yenu, huku makubaliano ya maandishi yakieleza nani anaidhinisha matumizi. Fungueni akaunti ya mradi peke yake yenye saini tatu, wekeni risiti zote kwa mpangilio wa tarehe, na bandikeni muhtasari wa mapato na matumizi ukutani pale kituoni kila mwezi. Nimeona mradi mzuri ukifa kwa sababu ya minong'ono kuhusu fedha ambazo hazikuwa zimeibwa hata senti.

Nakubaliana na mchangiaji wa tatu kuhusu kipimo, na namshukuru. Mfano wake wa PM10 umenifanya nifikirie upya maswali tuliyokuwa tukiwauliza waombaji.

Mchangiaji wa pili

Kateni kwangu. Hesabu ya mabasi na dakika iwe ndiyo ahadi yenu kwa mfadhili, kwa kuwa mnaweza kuitimiza na kuithibitisha. Vihisi vya elektroniki viacheni kwa awamu hii. Wekeni mirija ya nitrojeni dayoksaidi katika sehemu nne: langoni mwa shule, katikati ya kituo, upande wa pili wa barabara, na ule mtaa wa kulinganishia. Iwekwe kwenye kimo ambacho mtoto anavutia hewa kadiri usalama wa kifaa unavyoruhusu, si juu ya nguzo ambako hakuna anayevuta, na isibanwe kwenye kona ambako hewa haizunguki. Andikeni wazi kwamba vipimo hivi ni vya kujifunza, wala malipo yasivitegemee.

Na tarehe za likizo za shule ziingie katika ratiba yenu tangu mwanzo. Wiki ambazo watoto hawapo, msongamano wa asubuhi hubadilika, na mkizihesabu pamoja na za masomo mtajidanganya bila kukusudia. Mwombeni mwalimu mkuu kalenda yake ya mwaka kabla hamjatundika mrija wa kwanza, na mumwombe barua ya kuunga mkono andiko siku hiyohiyo.